Kikapu Angani

Jumapili hiyo nilikuwa nimechoka hata kabla ya kanisa. Nilifundisha fizikia katika shule ya kutwa karibu na Merigi, vidato vyote peke yangu, na nyumbani mama alikuwa bado anachuma chai na mgongo wake mbovu. Daktari alikuwa amemkataza kubeba kikapu. Nilimbembeleza, nikanuna, nikamtafutia mtu wa kumsaidia. Akamfukuza, eti anachanganya majani laini na magumu. Niliogopa kwamba siku moja angeanguka kule mtelemkoni asiinuke, nami niko darasani na chaki mkononi.

Baada ya ibada jirani alituita kwake tutazame video. Televisheni yake isiyo na rangi ilitumia betri ya gari, na sebule ilikuwa imejaa. Picha ilikuwa ya watu waliosafiri angani kwenda sayari ya mbali. Chombo chao kilipita kwa mngurumo hadi vikombe vikatetemeka mezani.

"Huko nje hakuna hewa," nikasema. "Hakuna sauti."

"Mwalimu, umewahi kufika huko?" jirani akauliza. "Wachia watu waone picha."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Wiki nzima nilikuwa nimesahihisha karatasi za wanafunzi walioniandikia mngurumo huohuo, na nilikuwa nimechoka kushindana na televisheni. Kisha nikaona wasafiri wale wanatembea ndani ya chombo, wanamiminiana vinywaji kama wako hotelini Kericho, na ulimi ukanishinda tena.

"Hata hawangetembea hivyo. Wangeelea. Huko kitu hakina uzito."

Mama alikuwa akisinzia, ameegemeza mgongo ukutani. Akafungua macho.

"Hata kikapu?"

"Hata kikapu, mama."

"Ikijaa? Na majani imenyeshewa?"

"Hata hiyo. Ungeachilia tu, ikae hapo kando yako."

Aligeukia televisheni. Nilidhani atacheka. Badala yake alikasirika.

"Na hawa wanatembea tu," akasema. "Wamefika mahali mzigo imeisha, na wanajifanya hawajui!"

Somo lile la uzito lina sehemu ya pili, na huwa siruhusu mwanafunzi atoke darasani bila kuijua. Uzito ukiisha, kitu chenyewe hakipungui. Hata kule angani, kikapu kilichojaa kingetaka nguvu kukisukuma, na nguvu nyingine kukisimamisha. Nilimtazama mama alivyoushika mgongo wake, nikanyamaza. Mimi, niliyekuwa nimeharibu picha ya watu mchana kutwa kwa sababu ya ukweli.

Tulirudi nyumbani polepole, amenishika mkono. Mlangoni akasimama kuvuta pumzi.

"Kesho nitachuma kidogo," akasema. "Ukitoka shule, wewe ndio utapeleka kikapu kupimwa kituo cha chai."

Hakuwahi kuniambia hivyo tangu nizaliwe. Nilitaka kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu.

Jumatatu mvua ilinyesha. Jioni nilikivaa kikapu mgongoni, vumbi la chaki likiwa bado vidoleni, na kamba zikaniuma mabega. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.