Vibano Vinne vya Gari la Marehemu

Nakumbuka Jumatano moja kule Likoni, mwanangu, kila nipitapo uani nikakuona umeinama juu ya hilo gari kuukuu unalolifufua. Jana ulikuwa umeshika vibano vipya vya mpira wa rejeta, vipana, vinang'aa, na vile vya zamani vya waya umevitupa kando ya tairi. Leo nasema, kwa sababu nami nilifanya hivyo hivyo, nikakaribia kumharibia bibi mmoja harusi ya mwanawe.

Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi kamili machoni pangu mwenyewe, nikifanya kazi katika gereji ya Fundi Bakari, Changamwe. Bi Mwanaisha wa Likoni alitaka tulifufue gari la marehemu mumewe, lililokaa bandani miaka mitano. Binti yake alikuwa akiolewa Kisauni siku ya Ijumaa.

"Babake hayupo wa kumsindikiza," alituambia. "Basi na aende na gari lake. Jengine silitaki, hata liwe la gavana."

Fundi Bakari akanituma nikafanye kazi hiyo Likoni, nyumbani kwa Bi Mwanaisha. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nikafika kwenye mipira ya maji ya kupozea injini. Vibano vyake vilikuwa vinne, kila kimoja ni waya uliokunjwa mara mbili kuzunguka mpira, ncha zake zikavutwa pamoja kwa skrubu. Niliviona vya kimaskini. Nikavuka mjini kununua vya utepe mpana wa chuma. Na vile vya zamani? Msikiti wa jirani ulikuwa na mpira unaotoa maji kwenye pampu kuyapeleka birikani, pa kutawadhia, nao umefungwa kwa kamba na unavuja daima. Nikampelekea Maalim Hamisi, imamu wa pale, vibano vyote vinne. Aliniombea dua, nikatoka nimejaa fahari.

Jumatano hiyo tukalijaribu gari. Bi Mwanaisha alikaa nyuma na buibui lake, mimi kwenye usukani. Tulipopanda kwenye feri, moshi mweupe ukafuka mbele na maji yakamwagika sakafuni.

"Bwana fundi," akasema baharia mmoja, "gari lako latawadha? Adhuhuri bado."

Watu wakacheka. Bi Mwanaisha hakucheka. Alisema polepole, "Gari la babake halikupata kumuaibisha mtu." Tukalisukuma kurudi nchi kavu.

Fundi Bakari, niliyemtumia habari, alipofika baada ya adhuhuri, aliinama akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita nitazame naye. Shingo ya ile rejeta, pale mpira wa maji unapovishwa, ilikuwa fupi, na mwishoni ina ukingo ulioinuka. Waya mwembamba hukaa vyema nyuma ya ukingo huo. Utepe wangu mpana ulikuwa umepanda juu yake, nusu umeshika, nusu uko hewani. Nami nilipoona unavuja kidogo nilikuwa nimeukaza kwa nguvu zangu zote, mpaka kingo zake zikaukata mpira.

"Vya zamani viko wapi?"

"Msikitini, Fundi."

Alivua kofia, akaivaa tena. "Ulimuuliza mwenye gari?"

Nikakiri kuwa sikumuuliza. Tukaenda kwa Maalim Hamisi, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kitu kikishapewa msikiti hakirudi," alisema. "Lakini wewe umetoa kisicho chako, kwa hiyo hukutoa kitu. Mwite Bi Mwanaisha. Akivitaka, tutavifungua sasa hivi."

Bi Mwanaisha akaja, akasimama mlangoni pa ua. Wazee walikuwa wakitawadha kwa ajili ya alasiri. Mpira ulikuwa mkavu kote, hauvuji hata tone. Alitazama, nami nikamwomba radhi mbele ya wazee wale.

"Viacheni," akasema. "Kila atawadhaye hapa, marehemu apate fungu lake. Lakini wewe, mwanangu, utanitengenezea vyengine mfano wa hivi. Harusi ni Ijumaa."

Alhamisi, tangu alfajiri, Fundi Bakari alinikalisha na waya mgumu na kipande cha bomba chenye unene wa ule mpira. Nilikuwa nimevipima vya msikitini kwa uzi. Cha kwanza kilivunjika, cha pili kikapinda. "Pole pole," aliniambia, "aliyevibuni hakuwa mjinga." Kufikia alasiri nilikuwa na vinne, na mpira mpya. Akanionyesha kukaza mpaka mpira ushike barabara, kisha kuacha.

Ijumaa bibi harusi alipanda gari la babake. Kwenye feri yule baharia aliinama kutazama chini.

"Leo halitawadhi?"

"Lina udhu tayari," akajibu Bi Mwanaisha kutoka nyuma, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka. Tukavuka daraja la Nyali mpaka Kisauni bila tone kuanguka.

Basi, mwanangu, rudi ukaviokote vile vya waya. Visafishe, vipake mafuta, ujue kazi yake kabla hujavihukumu kwa sura. Vikiwa vimekufa, tafuta vya namna ile ile, na upime mpira kwa nje ukiwa umeshavishwa kwenye shingo ya rejeta. Vile vipya vina magari yake, vilivyotengenezewa. Hili si lake. Na kama gari ni la mtu, usitoe hata skrubu yenye kutu kabla hujamuuliza, kwani hujui ni nini kimemkalia moyoni. Ukikosea, usijifiche. Sema, kisha tengeneza. Mikono yangu ilijifunza zaidi Alhamisi ile moja kuliko mwaka mzima uliotangulia, na yako ni mizuri kuliko yangu ilivyokuwa.

Mola akupe subira ya mikono na uwazi wa macho, na hilo gari likufikishe salama kwenye kila furaha unayoiendea. Amin.