Seremala na Daraja la Mtaa

Kuna seremala hapa Mabatini mwenye vidole vigumu hivi kwamba nyundo ikivigonga, huumia nyundo. Kila mvua ikipiga, hushuka mtaroni kulitengeneza daraja la mtaa kwa mbao zake mwenyewe, akinung'unika kama chungu cha maharage. Wapita njia humwambia, "Shikamoo fundi, ubao ule unacheza!" kisha huenda zao. Juzi mhandisi wa serikali akaja kulikagua, akarukaruka juu yake. "Hili zima kabisa. Hela ya daraja jipya inaenda kwingine."

"Mzee, si ungeliacha livunjike!" kina mama wakamfokea.

Jana mbao zikalegea, naye akajikaza asiziguse, akaketi kando, mikono mapajani. Mama mjamzito akakanyaga, ubao ukabonyea. Fundi akaruka mtaroni, akaubeba ubao begani hadi mama akavuka; nyuma ya mama foleni ilikuwa imeshapangwa.