Matroni na Nyumba ya Fundi wa Lifti

Kwa miaka kumi na saba alikuwa mlezi wa bweni la wasichana themanini, na wote walimwita Matroni. Alipoolewa na muuguzi wa zahanati ya jirani, mumewe naye akamwita Matroni, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea. Hata mama mkwe, ambaye si mwepesi wa kummwagia mtu sifa, alikuwa akisema "mwulizeni Matroni" kila kitu kilipopotea nyumbani, iwe sindano au cheti cha kuzaliwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka. Akiingia chumba chochote, jicho lake lilizunguka mara moja tu, naye akajua vitanda vingapi vitaenea, maji yatavujia wapi, na nani kaficha nini chini ya godoro.

Mumewe alipopata kazi katika hospitali kubwa ng'ambo, alitangulia peke yake kwa miezi mitano. Familia ilipomfuata wakawa sita: Matroni na mumewe, mama mkwe mwenye magoti mabovu, na mabinti watatu, mkubwa wa miaka kumi na minne, wa kati wa miaka tisa, na kitinda mimba wa miaka mitatu. Hospitali iliwapa vyumba viwili katika hosteli ya wafanyakazi, na jiko na bafu vya kushirikiana na familia nyingine saba. Barua iliyobandikwa nyuma ya mlango ilieleza kwa ufupi kwamba mwisho wa kukaa hapo ni wiki kumi na mbili, na hakuna nyongeza.

"Wiki kumi na mbili ni nyingi," mumewe alimwambia siku ya kwanza, huku akisukuma masanduku chini ya kitanda. "Nyumba zimejaa mji mzima."

Kuhusu kujaa, hakukosea. Tatizo ni kwamba zilikuwa zimejaa watu.

Mume alifanya kazi kwa zamu, leo mchana, kesho usiku, kwa hiyo shughuli ya kutafuta nyumba ikamwangukia Matroni. Lugha ya pale aliijua ya vitabuni. Alikuwa anaweza kusoma mkataba mzima na kuuelewa, ila mtu akimsemesha barabarani kwa kasi alibaki anatikisa kichwa tu. Alinunua daftari la kuandikia kila nyumba na jibu lake, akapata ramani ya mji, na kila asubuhi alimwachia mama mkwe watoto na kutoka.

Hakuchukua muda kugundua kwamba nyumba haipatikani kwa kuipenda. Kwanza madalali walidai barua ya mwenye nyumba wa zamani, inayosema mpangaji alilipa vizuri na hakuvunja kitu. Matroni hakuwahi kuwa na mwenye nyumba. Maisha yake ya ndoa yote alikaa katika nyumba ya shule, pembeni ya bweni. Walidai mdhamini anayeishi pale pale, naye hakumjua mtu zaidi ya majirani wa hosteli, ambao nao walikuwa wanatafuta wadhamini. Walidai akaunti ya benki. Benki nayo ilitaka anwani ya kudumu. Shule ilimpokea binti mkubwa kwa sharti kwamba anwani hiyo hiyo ipelekwe kabla ya muhula kwisha. Alikwenda benki mara tatu, na mara ya tatu karani alimtambua kwa mbali, akaanza kutikisa kichwa kabla hajafika dirishani.

Nyumba yenyewe ilionyeshwa kwa dakika tano. Watu thelathini walipangana kwenye ngazi, kila mmoja na bahasha yake kifuani, wote wakijifanya hawaonani. Dalali alisimama mlangoni akitazama saa. Wengine waliingia, wakasifia dirisha, wakatoka wakitabasamu. Matroni hakusifia kitu. Alipiga magoti akachungulia chini ya sinki, akafungua bomba, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Katika nyumba ya nne alilisogeza kabati na kukuta ukuta nyuma yake una ukungu mweusi tangu chini hadi kiunoni. Dalali akamwambia makabati hayasogezwi. Matroni akamwuliza kama wanaolala humo nao wataambiwa wasipumue, kisha akashuka ngazi bila kungoja jibu. Usidhani alikuwa na pa kwenda. Ilikuwa wiki ya tano tayari.

Majibu yalikuja kwa ujumbe wa simu, mistari miwili: asante kwa maombi yako, nyumba imepata mtu. Mwanzoni alimsomea mama mkwe, wakacheka pamoja kwamba huyo "mtu" ana bahati, kila nyumba anapata yeye. Yalipofika manane aliacha kumsomea.

Ndipo dalali mmoja, kijana mwenye huruma zake, alipomvuta kando akamnong'oneza kwamba kosa lake ni hesabu. Watu sita ni wengi. Aseme wanne. Mama mzee atahesabiwa mgeni, na mtoto mdogo nani atamwuliza? Matroni alilipeleka neno hilo nyumbani, na mumewe, aliyekuwa ametoka zamu macho mekundu, hakulikataa.

"Tuseme wanne," alisema. "Tukishaingia, nani atatutoa?"

"Na akija mwenye nyumba kukagua?"

"Mama atatoka kidogo."

"Atatoka kwa magoti yapi?" Matroni alikuwa anakunja nguo, na hakuinua uso. "Mama yako hajajificha kwa mtu tangu azaliwe. Simfundishi leo. Na watoto nao siwafundishi kunyamaza mlango ukigongwa. Tuko sita. Atakayetupa nyumba atatupa sita."

Mumewe akasema haya, sita. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa amechoka, na zaidi ya yote alikuwa anaona aibu kwamba yeye ndiye aliyewaleta.

Wanaomsifu Matroni leo hupenda kusema hakutetereka. Alitetereka. Nywele zilianza kumtoka kila akichana. Siku moja kitinda mimba alimwaga maziwa, naye akamfokea kwa sauti iliyonyamazisha jiko zima, mpaka mtoto akasahau kulia. Alijifungia bafuni, akafungulia maji ili wasimsikie, akalia mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna mtu humo. Alipotoka, uso alikuwa ameunawa na bafu lilikuwa linang'aa pande zote. Jirani akamshangaa. "Si nilikuwa humo," Matroni alimjibu, akaenda kumbeba mtoto wake.

Katika wiki ya kumi aliona nyumba ya fundi wa lifti. Yule bwana alikuwa mstaafu, mjane, aliyepanda na kushuka na lifti za watu miaka thelathini na nane. Alikaa juu na kupangisha sehemu ya chini. Vilikuwa vyumba vitatu visivyo vikubwa, na jiko lenye dirisha la kutazama uani. Hapakuwa na ngazi hata moja kutoka barabarani hadi kitandani. Matroni aliwaza magoti ya mama mkwe. Aligonga ukuta; ulikuwa mkavu. Akaandika fomu: sita. Baada ya siku mbili simu ikaleta mistari ile ile.

Safari hii hakuandika kwenye daftari. Alivaa koti, akapanda basi, akagonga mlango wa juu. Fundi alifungua, miwani ikiwa kwenye paji la uso. Matroni alikuwa amezifanyia sentensi zake mazoezi njia nzima, akazitoa polepole: hakuja kulalamika, alikuja kuuliza tu. Ni kwa sababu wako sita?

Mzee yule alifikiri. Akasema hapana, yeye mwenyewe kwao walizaliwa saba. Ila nyumba hii marehemu mkewe ndiye aliyeichagulia hata vitasa, na watu wa Matroni hawana barua, hawana mdhamini, hawana mtu wa kumwambia ni watu wa namna gani.

"Sikujui, mama," alisema. "Shida ni hiyo tu."

"Basi njoo unijue," Matroni alimwambia. "Tunakaa hosteli ya hospitali, chumba cha kumi na tisa. Jumamosi saa nne. Ufungue kila mlango, uangalie tunavyoishi. Ukiona hatufai, sitakusumbua tena."

Fundi alishusha miwani machoni, akamtazama kama mashine asiyoifahamu. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja.

Alhamisi, Matroni alikuwa upande wa pili wa mji, kwenye foleni ya nyumba nyingine, kwa sababu hakuwa mtu wa kuweka matumaini yake yote mahali pamoja. Alirudi saa saba mchana, viatu vimelowa, mkono mtupu. Nje ya chumba cha kumi na tisa alikuta viatu vya kiume, vikubwa, vimepangwa sawasawa na vyao. Siku hiyo hakuwa amejitayarisha hata kidogo: nguo za watoto zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba katikati ya chumba, na mumewe, aliyetoka zamu ya usiku, alikuwa anakoroma chumba cha pili.

Alipofungua mlango akamkuta fundi wa lifti ameketi kwenye kiti chao pekee, akiwa na soksi tu miguuni, kofia yake ikiwa kichwani mwa kitinda mimba. Mama mkwe alikuwa kitandani akimenya viazi. Binti wa kati, ambaye shule yake ilikuwa imefungwa wiki ile, alisimama katikati yao mikono nyuma, akitafsiri kwa uso wa hakimu. Mama mkwe alikuwa amemtaka mgeni avue viatu kabla hajauliza ni nani. Kisha, alipoambiwa ni nani, alitaka kujua kama choo cha nyumba yake kina kizingiti. Fundi akaonyesha kwa vidole urefu wake. Mama mkwe akasema kirefu mno, awekewe mbao ya kupandia. Fundi akatoa kalamu akachora mbao. Mama mkwe akasema mwinamo wake ni mkali, mtu ataserereka. Walikuwa wamefika hapo, wanabishana juu ya mwinamo, Matroni alipoingia.

Matroni alimwamkia, akamkumbusha kwamba walikubaliana Jumamosi.

"Jumamosi kila mtu ni msafi," fundi alijibu.

Matroni akacheka, kicheko cha kwanza cha wiki nyingi, maana kwa miaka kumi na saba alifanya ukaguzi wa bweni kwa siku zisizotajwa kwa sababu hiyo hiyo. Akamwambia basi aangalie. Fundi akasema ameshaangalia. Ameona masanduku yamepangwa chini ya vitanda kwa namba. Ameona jikoni, penye ratiba ya zamu za kupika na kusafisha ya familia nane, amesoma jina la kila mlango na siku yake, na majirani wamemwambia aliyeiandika ni nani, na kwamba kabla yake jiko lile lilikuwa vita.

"Kuna kitu hujaona," Matroni alisema. Akaufunga mlango. Nyuma yake, chini ya ile barua ya hosteli, palikuwa na michoro ya kalamu ya rangi, buluu na nyekundu, hadi kimo cha mtoto wa miaka mitatu. "Huyo mwenye kofia yako. Nusu nimeshafuta. Nusu bado inanishinda."

Binti wa kati alimtazama mama yake kana kwamba amepatwa na wazimu. Fundi aliinama, akasugua wino kwa kidole gumba, akauliza anafutia nini. Kisha akachukua kofia yake, akavaa viatu, akaaga. Neno la nyumba hakulitaja.

Ijumaa ilikuwa ndefu. Mumewe alimwuliza kwa nini alionyesha mlango. Matroni alisema tu kwamba kama angeficha, angekaa katika nyumba ile akisubiri mzee agundue. Walibakiwa na siku tisa.

Jumamosi saa nne kamili mlango ukagongwa. Fundi alikuja na binti yake, mwanamke wa makamo, mwenye mkoba wa karatasi na uso usiotaka mchezo. Huyo hakupendezwa na jambo lile, na hakuficha. Alisema mkataba ni wa miezi sita tu, wa kujaribiana, na kwamba yeye mwenyewe atakuja kukagua kila mwezi. Matroni alisoma kurasa zote saba, kidole kikifuata mistari, wenzake wakingoja. Alipofika kwenye idadi ya wakazi akakuta imeandikwa sita, na majina ya wote, la mama mkwe likiwa la kwanza.

"Kila mwezi ni sawa," alimwambia yule binti. "Ukitaka, hata kila wiki. Ila usitupe taarifa."

Binti wa fundi alimtazama baba yake, baba akatazama dari. Wakatia sahihi juu ya ubao wa kukatia viazi, kwa kuwa meza haikuwapo.

Walihama Jumatano, kwa mikono ya majirani wa hosteli na kigari cha kubebea mashuka alichoazima mume hospitalini. Chooni walikuta mbao ya kupandia imeshapigiliwa, yenye mwinamo wa pole, na mama mkwe akaipanda na kuishuka mara nne kuijaribu, akasema itafaa. Mabinti wakubwa waligombania upande wa dirisha. Fundi aliwapa funguo tatu, akaeleza ni upi unaokwama.

Ilipofika saa tisa alasiri, mume alimtafuta Matroni amwulize sufuria ziko sanduku gani. Akamkuta katika chumba cha nyuma, kisicho na kitanda wala pazia. Amelala sakafuni na koti lake, kiatu kimoja mguuni, kichwa juu ya furushi la mablanketi, jua likimpiga mgongoni. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona amelala mchana. Alimvua kile kiatu polepole, akamfunika, akatoka. Sufuria akazitafuta mwenyewe, akifungua sanduku moja baada ya jingine, na watoto wakaambiwa watembee kwa ncha za vidole.