Mwaka wa Panya wa Moto

Namshukuru Mungu aliyenihifadhi hadi nikaota mvi, akanifundisha kwa upole hata pale nilipostahili fimbo.

Mwanangu, nakumbuka siku moja, nikiwa bado binti, katoni za chupa za chai zilipofika katika duka nililokuwa nauza, pale Mirongo. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, bidhaa za China zinamiminika Mwanza, na sisi vijana tukiona kila kilichotoka mbali kinakishinda cha nyumbani. Ndani ya katoni moja mlikuwa na kalenda na kijitabu cha Kiingereza. Kilieleza kwamba Wachina huipa miaka majina ya wanyama kumi na wawili, wa kwanza Panya, na kila Panya arudipo huja na asili nyingine: mti, moto, udongo, chuma au maji. Cheti changu cha shule kilisema nilizaliwa 1972. Basi nilikuwa Panya wa Maji: mwerevu, mwenye bidii, mwepesi wa kuona njia. Nilifurahi kama mtu aliyeandikiwa barua.

Lakini tulikuwa 1996, mwaka wa Panya wa Moto. Kijitabu kilionya kwamba mwaka wa mnyama wako ukirudi, ujihadhari. Tena maji na moto havipatani. Kwa hofu ya ajali nikaweka nadhiri kuwa sitavuka ziwa mpaka mwaka ule uishe. Siwalaumu Wachina, hizo ni mila zao. Mimi ndiye niliyekula chakula nisichojua kilivyopikwa.

Mwezi wa kumi baba mdogo alikuja dukani kutoka kijijini kwetu, ng'ambo, mbele ya Busisi. Baba alikuwa mgonjwa, ananiita. Alikuwa na neno alilotaka kuniambia kwa mdomo wake. Nikamweleza baba mdogo habari za mwaka wangu. Alinitazama, akacheka.

"Panya? Panya wanavuka pale kivukoni Kigongo kila siku, tena bila tiketi. Twende, mama."

"Nitakuja mwezi wa pili, baba mdogo, mwaka wao ukiisha. Mwambie baba anisubiri."

"Ugonjwa hauna kalenda," akasema, na sasa hakucheka. Nikampa sukari na blanketi ampelekee. Mwanangu, blanketi halishiki mkono wa mgonjwa.

Baba alifariki wiki ya pili ya Majilio, kabla ya Krismasi. Nilipopata habari nilipanda pantoni bila kukumbuka panya wala moto. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba ningeweza kuvuka siku yoyote.

Baada ya matanga nilimwuliza baba mdogo ni neno gani lile. Aliingia ndani, akarudi na cheti changu cha ubatizo, ambacho baba alikuwa amekificha sandukuni. Kilisema 1969. Mama alipofariki mimi ndiye niliyebaki nyumbani kulea wadogo zangu, na nafasi ya shule ilipopatikana nilikuwa nimepita umri. Baba, mtu wa rozari kila jioni, alimwambia mwalimu mkuu nina miaka saba, nami nilikuwa na kumi.

"Uongo ule ulimkaa moyoni," baba mdogo akasema. "Hakutaka kwenda nao kaburini. Alitaka akuombe msamaha mwenyewe. Kila gari likisimama barabarani aliuliza kama ni wewe."

Uongo ule ndio ulionipa kalamu. Msamaha alioutaka ningempa kabla hajamaliza kuuomba. Nilimnyima kwa ajili ya mnyama ambaye hata hakuwa wangu. Na angekuwa wangu, kingebadilika nini?

Padre aliniondolea dhambi, na Mungu ni mwema, najua amenisamehe. Lakini kusamehewa si kurudishiwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu amezeeka pamoja nami.

Basi nasaha yangu ni hii. Mzazi akikuita, inuka. Usiulize mwaka una jina gani wala nyota imekaa wapi. Aliyeziumba siku ndiye anayezijua. Na ukigundua kosa alilolifanya kwa kukupenda, msamehe mapema, angali anasikia.

Mungu akunyooshee njia ya nyumbani, wewe unayesoma, akukutanishe na wazazi wako wakiwa hai, wala asikuache uwe na neno la kumwambia aliyekwisha lala. Amina.