Sekunde Arobaini za Mwanzo

Dada yangu alinipigia simu kutoka Wajir akaniomba kitu kimoja tu: sauti ya baba. Mama yetu anaishi kwake, na siku hizi macho yake ni ya kukisia tu. Asubuhi moja alikuwa ameamka akasema amesahau jinsi mumewe alivyokuwa akizungumza. Sura bado anayo, maneno anayo, lakini sauti imemtoka. Alisema hivyo kwa utulivu, kisha akakataa chai. Siku ya tatu alikuwa bado anaisukuma chai pembeni.

"Wewe una kaseti za dunia nzima," dada akasema. "Baba alizungumza kwenye moja, ile ya kaban. Tutumie."

Nilimwambia nitaitafuta. Nilijua fika kwamba sauti hiyo haipo kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeifuta.

Kaban ni udi wetu Wasomali, ile ala ya nyuzi, na nyimbo za kale za kaban ndizo muziki pekee ninaouheshimu. Mpigaji mmoja, mwimbaji mmoja, pengine na ngoma ndogo, basi. Nimezikusanya tangu nilipoajiriwa kufundisha Kiswahili hapa Garissa, na baada ya kustaafu sina kazi nyingine. Ninakusanya nakala tatu, nne, hata saba za wimbo uleule, kisha nazilinganisha: ipi ina ubeti uliorukwa, ipi imenakiliwa kwa betri zilizochoka. Betri zikichoka wakati wa kurekodi, kanda hujivuta, na ukija kuipiga kwenye redio yenye nguvu mwimbaji anasikika kama mtoto aliyebanwa na haja. Kuna watu wazima mjini hapa, wenye ndevu na wajukuu, ambao wamezoea kanda za namna hiyo na wataapa kwamba mwimbaji alikuwa na sauti nyembamba.

Watu hao nawajua vizuri. Tulikuwa tukikutana kila Ijumaa baada ya alasiri katika hoteli moja ya chai karibu na soko la mifugo, na kwa miaka mingi nilivumilia ujinga wao kwa ajili ya kanda zao. Mmoja, muuza ngamia, alihesabu ubora wa kanda kwa umri wake, kana kwamba uchakavu ni cheo. Mwingine alikuwa karani wa ofisi ambaye hakusikiliza hata siku moja mpaka mwisho. Alikuwa akitikisa kichwa dakika mbili kisha anaanza kutueleza habari za siasa. Wote walikuwa na neno moja tu la kusifu: "orijino". Kila takataka ilikuwa orijino. Nakala ya nakala ya nakala, iliyorekodiwa kwa kuweka redio mbili zitazamane chumbani huku mbuzi wakilia uani, nayo ilikuwa orijino.

Aliyenichosha zaidi ni mwenye duka la dawa. Aliwahi kuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, akaketi mstari wa nyuma na kupata alama za mstari wa nyuma. Alipokua akawa tajiri kiasi, na akaanza kukusanya kanda kwa sababu mwalimu wake anakusanya. Kwangu alizungumza Kiswahili daima, chenye b mahali pa p na f mahali pa v, hata tukiwa Wasomali watupu mezani, kana kwamba bado naweza kumpa alama. "Mwalimu, sikiza hii kobi yangu, ni safi sana," alikuwa akisema, akinisogezea simu. Haikuwa safi. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, na sikupunguza sauti.

Ni lazima nieleze uchafu wenyewe ulikuwa nini. Kwetu mtu hakariri shairi wala hapitishi wimbo bila kusema kwanza ni wa nani na yeye ameupata kwa nani. Hiyo ni adabu ya tangu enzi za watu wasiojua kuandika, na asiyeifuata alihesabiwa mwizi. Kaseti zilipoingia, adabu ikaingia nazo. Mtu aliyenakili kanda alibonyeza vitufe, akakohoa, akataja mwenye wimbo, akamtaja aliyemwazima kanda, na ndipo muziki ukaanza. Kanda iliyopita mikono mitano ilikuwa na wazee watano mlangoni, kila mmoja na kikohozi chake. Tena kwa kuwa kaseti ndiyo ilikuwa barua, hawakuishia hapo. Walisalimia wake zao, waliulizia mvua, waliagiza chumvi. Unangoja uzi wa kwanza wa kaban, na mtu anakuambia ngamia wa mjomba wake amezaa.

Nilidharau jambo hilo kwa moyo wote. Huo ulikuwa muziki, si baraza. Nilipopata kompyuta na kuanza kuzihamisha kanda zangu, nilikata vichwa vyote. Nilikuwa na utaratibu: naweka alama pale kidole kinapogusa uzi wa kwanza, na kila kilicho kabla yake kinaondoka. Kazi yangu ilisifiwa, hata vijana wa redio walikuja kuomba nakala. Pale hotelini nikawa nahubiri. Nilisema mtu mwenye akili hahifadhi kikohozi cha dereva wa lori.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipeleka unga na sukari Wajir, akarudi na ngozi na mbuzi, na kanda ile ya kaban aliinakili njiani Habaswein. Nilipofika kwenye kanda yake nilimtambua mara moja, kabla hajamaliza kusema bismillahi. Sitaki kudanganya kwamba nilipitiwa. Nilisikiliza sekunde zake arobaini, nikakumbuka jinsi alivyokuwa akijaza nyumba kwa maneno kila aliporudi safari, jinsi nilivyofunga vitabu vyangu kwa sababu mtu hakuweza kusoma akiwapo, nikajiambia: huyu mzee hata ndani ya kaseti hajui kunyamaza. Alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Nikaweka alama, nikakata.

Kanda zenyewe, zile za plastiki, nilimpa mkulima mmoja wa kando ya Mto Tana aliyekuwa akisumbuliwa na ndege. Aliutoa utepe wote akaufunga kwenye vijiti kuzunguka mtama wake, ukawa ukilia na kumetameta kwa upepo. Niliona ni matumizi bora kuliko yale ya zamani, na nilicheka.

Basi baada ya simu ya dada nilikaa na kupiga hesabu. Mtama ule ulivunwa zamani. Nakala nyingine moja tu ndiyo iliyobeba maneno ya baba, ile aliyoiacha Habaswein kwa mwenye duka rafiki yake, na mwana wa mwenye duka huyo ni nani? Ni yule wa dawa. Kanda aliyokuwa akinisogezea mezani, ile niliyoiita taka, ilikuwa mtoto wa kanda ya baba. Nilikuwa nimelijua hilo siku zote, na ndiyo maana niliidharau zaidi ya nyingine.

Siku mbili nilizunguka. Niliwapigia simu wote niliowajua, kuanzia Wajir hadi Sangailu, nikitumaini kupata nakala ya tatu ili nisiende kwake. Hakuna. Dada akapiga tena. Mama sasa alikuwa hataki hata uji, na alikuwa akimwita dada kwa jina la baba. Nikavaa viatu.

Duka lilikuwa na wateja. Nilisimama nikisubiri zamu nyuma ya mama mwenye mtoto wa kikohozi, na mwenye duka aliponiona akaacha kila kitu akaniletea kiti. "Mwalimu! Karibu, keti. Bresha imebanda?"

Nikamwambia presha yangu ni nzima. Nikamwambia nataka kusikia ile kanda ya Habaswein. Uso wake ukafurahi, na furaha ile iliniudhi, kwa sababu ilikuwa ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akatoa simu, akaipangusa kwa shati, akaiweka juu ya kioo cha kaunta kati yetu.

Kaban ikaanza kwa uzi wa kwanza. Safi kabisa, bila neno, bila kikohozi.

"Mwanzo uko wapi?" nikauliza. "Maneno ya mwanzo."

"Nimetoa, Mwalimu," akasema. "Wewe ndiye ulisema. Siku ile hotelini ulisema mtu mwenye akili hawezi kuweka kikohozi ya derefa. Watu wakacheka. Nikarudi nyumbani, usiku ileile nikakata. Kaseti yenyewe nikatuba." Kisha akauliza kwa hofu ya kweli, "Sikukata fizuri?"

Nilimwambia amekata vizuri. Kwa maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nikilalamika kwamba wanafunzi hawasikii unachowafundisha. Huyu alikuwa amesikia. Nilijichukia pale kwenye kiti chake cha plastiki kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote wa hotelini, nikamweleza yote, mama, chai, mtama, kwa Kisomali sasa, maana Kiswahili changu kizuri kilikuwa kimenikimbia.

Alisikiliza. Akamhudumia mteja mmoja, akamrudishia chenji yake, akageuka.

"Yale maneno ninayo," akasema kwa Kisomali.

Alikuwa amekulia dukani kwa babake. Kanda ile ilipigwa kila siku, kabla ya adhuhuri na baada yake, na yeye mtoto aliikariri kama wenzake walivyokariri mashairi, kikohozi na vyote. Miaka kumi na zaidi tulikaa meza moja, na sikuwahi kumuuliza lolote isipokuwa kumsahihisha.

Nikatoa simu yangu nikaanza kurekodi. Aliketi wima, akaweka mikono magotini, na akafanya kile ambacho mtu wa kwetu hufanya kabla ya kufungua kinywa na maneno ya mwingine. Alitaja chanzo. Alitaja jina la baba yangu na la babu yangu. Akasema: "Maneno haya ni yake. Niliyasikia kwenye kaseti aliyomwachia baba yangu. Kaseti hizo zilikuwa mbili. Moja aliifuta mwanawe, aliyekaa mbele yangu sasa. Nyingine niliifuta mimi, kwa kumfuata yeye. Hakuna tena mahali pengine yalipo, isipokuwa kinywani mwangu."

Hakuwa akinitukana. Asingeweza kusema vingine. Hiyo ndiyo adabu yenyewe, na adabu hiyo haina nafasi ya kuficha. Kisha akakohoa, na kikohozi kilikuwa cha baba.

"Bismillahi. Leo ni Alhamisi, tuko Habaswein, mvua imenyesha na lori limezama mpaka ekseli. Wimbo huu nimepewa na mwenye hoteli, naye kaupata kwa dereva aliyeteremka kutoka Mandera. Atakayeusikia asiuzuie. Mke wangu, nakusalimu. Yule mbuzi mwekundu usimuuze hata wakikusumbua, nakuja. Na kijana mwambie nimempatia kitabu chake, kina kurasa chache zimelowa, asinune."

Sehemu ya kitabu sikuwa naikumbuka. Nilikuwa nimeyasikiliza maneno hayo mpaka mwisho mara moja tu, siku ya kuyakata, na kwa hasira niliyokuwa nayo haikuingia. Kitabu kile nakikumbuka. Kilikuwa kimelowa kweli, na nilinuna kweli.

Masikio yangu, kwa mazoea mabaya ya miaka, yalikuwa yakitafuta kosa. Pale baba alipokuwa akipumua katikati ya sentensi, mwenye duka alipumua. Pale ulimi wake ulipokuwa ukiburuta, uliburuta. Kama ungekuwa mtihani, ningempa alama zote, na ingekuwa mara yangu ya kwanza.

Nikaishika simu. Programu yangu ya kukata ilikuwa pale pale, nimeizoea kuliko tasbihi. Ningeweza kuondoa maneno yake ya mwanzo, yale ya nani alifuta, nikawapelekea mama na dada maneno ya baba peke yake. Dada asingejua. Kidole changu kilikaa juu ya alama muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikaituma nzima.

Mwenye duka alinipa maji ya chupa. Baada ya robo saa hivi simu ikalia, ni dada, na nyuma yake nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Nilianza kujitetea kabla hajasema lolote. Nilisema nilikuwa kijana, jambo ambalo ni uongo, nilikuwa na miaka hamsini.

"Nyamaza," akasema dada. "Mama hakutaki wewe. Anamtaka huyo mtu."

Nikampa simu. Akaipokea kwa mikono miwili, akainuka, akamwitikia mama yangu "hooyo", yaani mama, kama mwanawe wa kumzaa, na mama akamwomba arudie, pole pole, kuanzia mwanzo. Akarudia kuanzia mwanzo, safari hii kwa jina langu, na nilichofanya, mbele ya wateja watatu waliokuwa wakisubiri dawa.