Kiatu cha Afande Mapunda

Leonadi, mgambo wa Kiswere, alikuwa na ugonjwa mmoja: kutaka kujua. Miaka ile ya soko huria, pwani ilipojaa mashua ngeni za biashara, kila asubuhi alieleza kwenye redio ya upepo ameona chombo gani. Habari zilikwenda Lindi, kisha Dar, kisha kwa taifa rafiki, kubwa, lenye ndege ya kupiga picha baharini. Hakuna kilichorudi. Urafiki gani huu, alijiuliza, mmoja kusema na mwingine kusikia tu?

Jirani yake Kudra alipokwenda kuvua asirudi, swali hilo likazidi kumkera. Mwahija, mke wa Kudra, akawa si mke wala mjane. Eda hawezi kuikaa, na kila alipopika alimpakulia mumewe, akafunika kwa kawa.

Siku moja gari likamleta Afande Mapunda wa Lindi na mgeni wa taifa lile. Walitaka kujua mashua fulani ya buluu imejificha wapi. Leonadi alijua. Lakini Mapunda ni Mngoni na yeye Mmwera, watani tangu enzi za babu zao, na afande alikuwa amevua viatu barazani. Leonadi akachukua kimoja, akakikalia.

"Nimekiteka, mtani. Kikomboe. Ile ndege iliiona mashua ya Kudra, yenye tanga la viraka vya njano?"

Mtani hakasirikiwi. Mapunda akacheka, kisha kicheko kikamwishia.

"Hata mimi picha hizo sijaonyeshwa. Sisi tunapeleka. Wao wakipenda, wanatuambia."

"Basi muulize huyu."

Mapunda akamuuliza kwa Kiingereza. Mgeni akatikisa kichwa: hizo ni siri za nchi yake.

"Mwambie na mashua ya buluu ni siri ya Kiswere," alisema Leonadi. "Akisema, nitasema."

Mgeni alimtazama mtu aliyekalia kiatu, asielewe kitu. Mwishowe akaongea, na Mapunda akatafsiri huku ameinamisha uso. Ndege iliiona imepinduka, tanga la njano linaelea, mtu hakuna. Ilikuwa kabla ya Ramadhani.

Sasa Ramadhani ilikuwa imekwisha, na Idi imeshaliwa. Leonadi aliwaka hasira, lakini alikuwa ameahidi. Akawaelekeza, akarudisha kiatu, akaenda kwa Mwahija.

Alimkuta anapakua.

"Shemeji, sahani ya pili iache."

Mwahija akaweka upawa chini. "Wenye ndege wamejua tangu lini?"

Leonadi, aliyependa kujua kila kitu, alitamani hilo asingelijua.