Suruali za Mwenye Bucha

Nilifika Garsen siku ya nne tangu nitoke Mombasa, mwaka wa mvua za El Nino. Lori lilizama kwenye tope baada ya Malindi, tukavushwa maji kwa mtumbwi, kichwa cha cherehani yangu nimekipakata kama mtoto. Nilikuwa nimechoka na miji. Sikujua bado kwamba uchovu huo ninatembea nao.

Mwenye bucha mmoja alinipa kibaraza chake nishonee, na kipande cha nyama kila siku bila malipo. Alikuwa mnene, na watu walimsifu kuwa ana afya, maana kwetu neno ni hilo hilo kwa unene na kwa uzima. Asubuhi alikunywa samli kwa kikombe, mchana akala nundu ya kuchoma. Kila baada ya miezi michache nilimwongezea suruali kiunoni.

Daktari wa zahanati akamwambia mafuta ya tumboni yanaulemea moyo, presha iko juu na sukari inanyemelea. Apunguze mwili. Akatii, mtu ambaye sikumdhania. Aliacha samli, akawa anatembea kila alfajiri kwa njia iendayo kijiji cha Wema. Mkanda wake ukahitaji tundu jipya.

Siku moja, wateja wamejaa, nikamtania: "Mzee, mbona unakwisha hivyo?"

Nilitaka kumsifu. Lakini miaka ile mtu akikonda watu walikuwa na jibu moja tu, ule ugonjwa usiotajwa jina. Wateja wakatazamana. Kufikia Ijumaa wengine walikuwa wananunua nyama kwingine. Nilizunguka nikieleza habari za daktari. Walinisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu anayemfichia mwenzake siri.

Akarudia samli. Nilimsihi aiache.

"Fundi," akaniambia, "moyo wangu hawauoni. Wanaona tumbo."

Nikaziongeza tena zile suruali.

Alianguka mbele ya gogo lake la kukatia nyama, upande mmoja wa mwili ukapooza. Miezi ilipita, akakauka kitandani, na mkewe akaniletea suruali zote nizipunguze. Zilinichukua siku mbili. Sikuwasha redio.

Nilipozipeleka, cherehani ilikuwa imeshafungwa kwenye gunia. Nikamwambia mzee naondoka, sirudi. Alinitazama tumboni, mahali nyama yake ya bure ilipokuwa imekaa.

"Una afya, fundi," akasema kwa upande mmoja wa mdomo.

Sikujua kama ananitania. Nikamwekea suruali karibu na mto, nikaenda kusubiri basi la Malindi.